Shajara ya mradi: kuifundisha mita ya miliampia 1 kusoma ampia 10

Jumamosi, 11 Januari 2025: Lengo

Mama ana duka dogo nje kidogo ya Morogoro mjini. Anauza vocha, sabuni, mafuta ya kupima, na anachajisha simu za majirani kwa sola: paneli moja ya wati 150, betri ya volti 12 na kidhibiti chaji cha kawaida cha PWM, yaani kile kinachokata na kuunga mkondo haraka haraka. Nikimpigia simu, baada ya salamu swali ni lile lile: "Mwanangu, nitajuaje leo jua limeingia kweli?" Kidhibiti kina vitaa vitatu vinavyowaka hata kukiwa na mawingu. Kioo chenye namba hakitaki, maana mpaka atafute miwani. Anataka kitu atakachokiona akiwa amekaa kaunta. Mshale, kwa ufupi.

Nimepata mita ya mshale kwenye meza ya vyombo chakavu kwa shilingi 9,000. Usoni imeandikwa 0 mpaka 1, miliampia, DC. Paneli ya mama ikipigwa na jua zuri inatoa kama ampia 8. Kwa hiyo nataka mshale ujae kwenye ampia 10, yaani mkondo mkubwa mara 10,000 kuliko ule ambao koili ya mita hii (waya uliozungushwa ndani, unaosukuma mshale) inauvumilia.

Hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Katika kila sehemu 10,000 za mkondo, sehemu 1 ipite kwenye koili na 9,999 zipite pembeni, kwenye rezista ndogo sana iliyowekwa sambamba na mita. Rezista hiyo ya pembeni ndiyo inayoitwa shanti. Nilidhani ni kazi ya wikiendi mbili.

Jumamosi, 18 Januari: Kupima koili

Huwezi kukata shanti kabla ya kujua ukinzani wa koili. Kosa langu la kwanza lilikuja dakika ya kwanza: niliweka multimita kwenye omu 200 na kuigusisha kwenye mita. Mshale uliruka ukagonga mwisho, na ncha yake sasa imepinda kidogo. Multimita inapopima omu hutuma mkondo wake yenyewe, na wa kwangu kwenye kipimo hicho unazidi miliampia 1. Usifanye hivyo.

Njia salama ni ya nusu-mshale. Betri, potenshiomita kubwa (rezista ya kuzungusha) na mita vinafuatana. Rekebisha mpaka mshale ujae. Kisha weka potenshiomita ndogo sambamba na mita, uizungushe mpaka mshale urudi katikati kabisa. Hapo mkondo umegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo potenshiomita ndogo na koili vina ukinzani sawa. Itoe, ipime kwa multimita.

Kwa betri ya redio ya volti 1.5 nilipata omu 77.4. Kwa betri ya volti 9 nikapata 81.2. Nilirudia mara tatu nikidhani macho yananidanganya, na majibu yakabaki yale yale. Ilinichukua jioni nzima kuona tatizo: unapoongeza njia ya pili, ukinzani wa mzunguko wote unapungua, basi mkondo wa jumla hauko tena pale ulipouacha, umepanda kidogo. Kwa volti 1.5 rezista ya kufuatana ilikuwa omu 1,420 tu, hivyo kupanda huko kunaonekana. Kwa volti 9 ilikuwa 9,200, na kosa linakuwa dogo.

Sahihisho: zidisha jibu lako kwa rezista ya kufuatana, kisha gawanya kwa tofauti yao. 77.4 inakuwa 81.9. 81.2 nayo inakuwa 81.9. Nilifurahi kama mtoto.

Koili ni omu 82. Nimeiongezea rezista ya omu 18 kwa mfuatano ili jumla iwe 100, na mshale ujae kwa milivolti 100 kamili. Shanti ya ampia 10 basi ni volti 0.1 kugawanya kwa 10, yaani omu 0.01. Miliomu kumi.

Jumamosi, 25 Januari: Shanti ya shaba

Waya wa nyumba wa moja na nusu (milimita za mraba 1.5) una takriban miliomu 11.5 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo sentimita 87 zinatosha. Nilikata, nikaukunja kama chemchemi, nikafunga ncha zake kwenye bolti mbili za nyuma ya mita. Waya za betri na taa nikazifunga kwenye bolti zile zile, juu yake.

Mzigo wa majaribio ni taa ya nyuma ya gari ya wati 21. Multimita: ampia 1.8. Mshale wangu: 2.2.

Nikadhani waya ni mrefu. Nikapunguza hadi sentimita 70 na mshale ukakaa 1.8 barabara. Nikalala kwa amani. Asubuhi nikakaza nati moja iliyokuwa imelegea kidogo na mshale ukashuka hadi 1.5!

Waya haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mguso. Kati ya kichwa cha waya, washa na nati kulikuwa na kama miliomu 2 za uchafu na kulegea. Kwenye kazi za kawaida nani anajali miliomu 2? Lakini shanti yenyewe ni miliomu 10, kwa hiyo hizo 2 ni asilimia 20 ya kipimo chako. Na mimi nilikuwa nimekata waya mzuri ili kufidia nati mbovu.

Jumamosi, 1 Februari: Msiba

Nilikata sentimita 87 nyingine, nikapiga msasa bolti, nikakaza kwa nguvu. Ila mpangilio ulibaki ule ule, kila kitu kwenye bolti za mita. Nikiwa najaribu na taa kubwa ya gari ya wati 55, nilizungusha sanduku ili nione vizuri, na ncha moja ya shanti ikachomoka.

Shanti ikitoka, mkondo hauna njia nyingine ila koili. Volti 12.6 za betri juu ya omu kama 100 ni zaidi ya miliampia 120, na mita hii kazi yake ni 1. Sauti moja ndogo, tik, halafu harufu. Mshale umelala kulia, haurudi. Shilingi 9,000 zimekwenda.

Anayenakili mradi huu aanzie hapa. Mita haitakiwi kuwa daraja la mkondo mkubwa. Mkondo mkubwa uingie na kutoka kwenye shanti kwa bolti zake nene, na mita idokoe tu milivolti kwa waya mbili nyembamba zilizolehemiwa kwenye mwili wa shanti yenyewe, upande wa ndani wa bolti. Sehemu nne, mbili za kazi na mbili za kupimia. Mguso ukiwa mbovu kwenye bolti za kazi, ubovu huo uko nje ya waya za kupimia, kwa hiyo hausomwi. Na waya mwembamba ukikatika, unapoteza kipimo tu, mita inabaki hai. Dawa moja imetibu kosa la wiki iliyopita na la leo.

Jumapili, 9 Februari: Mita ya pili, na shaba inachemka

Nimenunua nyingine, 9,000 tena. Inafanana na ya kwanza hadi rangi, lakini koili yake ni omu 86. Pima kila mita kivyake. Rezista ya kufuatana sasa ni omu 14.

Shanti ya shaba imejengwa upya kwenye kipande cha ubao mkavu, bolti za shaba nyeupe, waya za kupimia zikiwa na sentimita 87 kamili kati yake. Taa ya wati 21: multimita 1.8, mshale 1.8. Taa mbili kubwa pamoja: multimita 9.0, mshale 9.1.

Baada ya dakika kumi mshale ulikuwa 9.6. Nikaingiza multimita kwa sekunde kumi (soketi yake ya ampia 10 haipendi kukaa muda mrefu): 8.9. Betri inaelekea kushuka, mshale unapanda. Nikagusa shanti, ni ya vuguvugu, maana nilikuwa nimeibana kwa utepe mweusi isijitanue. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Nyuzi 18 zinatosha kukudanganya asilimia 7.

Jumapili, 16 Februari: Nikromu hapana, konstantani ndiyo

Jaribio la kwanza lilikuwa waya wa koili ya jiko la umeme lililokufa, nikromu. Joto haliutikisi sana. Lakini risasi ya kulehemu haiushiki: inaviringika kama maji juu ya jani la mgomba na kudondoka. Nikaubana kwa bolti, na hadithi ya miguso ikarudi. Nimeuacha.

Rafiki yangu anayefundisha fizikia alinipa mita mbili za waya wa konstantani, ule wanaoutumia wanafunzi kwenye daraja la mita, kifaa cha maabara cha kupimia ukinzani. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na ukinzani wake haubadiliki karibu kabisa kwa joto. Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliupata mwaka 1887, kisha mwaka 1892 akapata manganini, ambayo hadi leo ndiyo inayotengenezewa shanti za kiwandani. Manganini ina faida ya kutozaa milivolti zake yenyewe inapokutana na shaba kwenye joto. Konstantani huzaa kidogo, kama mikrovolti 40 kwa kila nyuzi. Kwa mradi wa duka la mama, athari yake siioni.

Waya wangu ni geji 24, kipenyo milimita 0.56, takriban omu 2 kwa kila mita. Mmoja hauwezi kubeba ampia 10, basi vipande kumi sambamba, kila kimoja sentimita 5. Omu 0.1 kugawanya kwa kumi ni 0.01. Kila kipande kinabeba ampia 1.

Kosa: nilipima sentimita 5 kabla ya kulehemu. Risasi ilitambaa ikala milimita 2 kila upande, na urefu uliobaki huru ni sentimita 4.6. Mshale ukasoma pungufu kwa asilimia 8. Kuongeza urefu haiwezekani, lakini kupunguza unene inawezekana: nilikata kipande kimoja kwa plaisi, vikabaki tisa. Sasa mshale ukazidi kwa asilimia 2, na hizo nimezimaliza kwa kupandisha rezista ya kufuatana kutoka omu 14 hadi 16. Kumbe ukikosea, kosea upande wa ukinzani mdogo. Huko kuna kurudi.

Taa mbili kubwa, dakika ishirini: mshale haukucheza.

Jumamosi, 22 Februari: Dukani

Nimefunga. Shanti iko kwenye waya hasi wa paneli, kabla ya kidhibiti, si upande wa betri. Sababu ni mbili. Upande wa paneli mkondo unakwenda njia moja tu, hivyo mshale hautasukumwa nyuma usiku simu zinapochajiwa. Na volti zinazopotea kwenye shanti hazimdanganyi kidhibiti kuhusu hali ya betri.

Mama alisimama akautazama mshale kama anayemkagua mchumba. "Haya," akasema, "tuone kama husema kweli."

Jumapili, 2 Machi: Mama anaona kosa

Alinipigia Jumatano: "Huu mshale wako asubuhi unakwenda vizuri, saa nane jua likiwa kali ndio unachoka."

Nilimjibu kwa kujiamini kwamba mchana betri imekaribia kujaa, kwa hiyo kidhibiti kinapunguza. Jibu zuri, na kwa siku nyingi ni la kweli. Lakini leo nimekwenda na multimita, na betri tuliichosha makusudi usiku. Saa mbili asubuhi: multimita 3.1, mshale 3.1. Saa nane mchana: multimita 7.8, mshale 7.3. Mama alikuwa sahihi na mimi nilikuwa namtuliza tu.

Kipimajoto nilichokiweka ndani ya sanduku, chini ya mabati, kilisoma nyuzi 46. Nyumbani nilikuwa nimerekebisha mita usiku, kwenye nyuzi 24. Koili ya mita nayo ni waya wa shaba! Kwa nyuzi 22 za ziada omu zake 86 zinakuwa kama 93, mkondo mdogo zaidi unapita kwake, na mshale unashuka. Kwa hesabu, upungufu ni kama asilimia 7. Kwa macho, 7.8 dhidi ya 7.3. Vinalingana.

Kinachonikera ni hiki: shanti ya shaba isingeonyesha kosa hili. Hewa ikipata joto, shanti na koili zingepanda ukinzani pamoja na uwiano wao ungebaki karibu pale pale. Kosa la shaba lilikuwa joto inalojitengenezea yenyewe. Nilipoweka konstantani niliondoa kosa moja na kufunua jingine ambalo muda wote lilikuwa limefunikwa.

Jumamosi, 8 Machi: Kuizamisha koili

Koili ni shaba na itabaki shaba. Dawa ni kuifanya iwe sehemu ndogo ya njia yake: rezista kubwa isiyojali joto ifuatane nayo. Lakini ukiongeza rezista, mita inahitaji milivolti zaidi, na shanti lazima ikue.

Nimechagua milivolti 200. Shanti ni omu 0.02: vipande kumi vya konstantani, sentimita 10 huru kila kimoja (safari hii nimelehemu kwanza, nikapima, nikalehemu tena). Njia ya mita ni omu 200, yaani koili 86, rezista ya filamu ya chuma 100 na potenshiomita ndogo ya kurekebishia ikiwa karibu na omu 14. Kosa la joto linashuka kutoka asilimia 7 hadi kama 3.5. Nimerekebisha saa nne asubuhi sanduku likiwa nyuzi 34, ili kosa ligawanyike, kidogo juu asubuhi na kidogo chini mchana. Ningeweza kwenda milivolti 500 na kulimaliza zaidi, lakini kwa ampia 10 shanti ingechoma wati 5 ndani ya sanduku la plastiki. Sasa inachoma wati 2. Volti 0.2 zinazopotea hazimuumizi mama, kwa sababu paneli yake imeundwa kufanya kazi karibu na volti 18 na kidhibiti cha PWM kinaishusha tu hadi volti za betri.

Nimeongeza diodi mbili za 1N4007 (kila moja hupitisha mkondo upande mmoja tu), zikielekea pande tofauti, sambamba na koili. Kwenye kazi ya kawaida koili haifiki hata volti 0.1, kwa hiyo diodi zimelala. Shanti ikikatika zinaamka kwenye volti 0.7 na kubeba mzigo, na rezista ya omu 100 ya robo wati inaungua badala ya mita. Rezista ni shilingi 100.

Jumamosi, 15 Machi: Volti kwa kubonyeza, na vumbi la chuma

Mita ile ile inaweza kusoma volti. Volti 20 kwa miliampia 1 ni omu 20,000, toa 86 za koili. Kwa vitendo ni rezista ya 18,000 na potenshiomita ya 5,000. Swichi ya kubonyeza yenye njia mbili inaihamisha mita kutoka shanti hadi betri, chanya na hasi zote, maana hasi ya paneli na hasi ya betri si lazima ziwe kitu kimoja ndani ya kidhibiti. Ukiachia kidole inarudi kwenye ampia. Hakuna kilichoharibika, siku ya kwanza ya namna hiyo.

Kilichoharibika ni uso. Nilifungua mita kubandika karatasi mpya ya namba, juu ya meza ile ile niliyopigia bolti tupa, na sumaku ikavuta vumbi la chuma. Mshale ukawa unakwama kwenye 4. Kupuliza hakusaidii. Nilitoa vumbi punje kwa punje kwa ncha ya utepe wa kunata. Baadaye nikafuta kioo cha plastiki kwa kitambaa kikavu, mshale ukasimama kwenye 2 bila umeme wowote: plastiki imejaa chaji ya msuguano. Tone la maji ya sabuni, kwisha.

Karatasi mpya ina rangi. Nyekundu 0 hadi 2, njano 2 hadi 5, kijani 5 hadi 10.

Jumamosi, 12 Aprili: Hali na gharama

Mita mbili 18,000. Waya wa shaba ambao haukutumika mwishoni 3,000. Bolti na nati 4,000. Rezista na potenshiomita 2,500. Diodi 600. Swichi 1,500. Sanduku 5,000. Betri ya volti 9, 2,500. Konstantani bure. Jumla shilingi 37,100, na 12,000 kati yake ni mita iliyoungua na shaba iliyoachwa.

Kuna jambo moja sikulitarajia. Betri inapokaribia kujaa, kidhibiti hukata na kuunga mkondo haraka haraka, na multimita ya namba inarukaruka, 2.1, 6.8, 0.9, huwezi kusoma kitu. Mshale ni mzito kuliko mipigo hiyo, unatulia kwenye wastani.

Mvua za masika zimeanza na mshale unashinda kwenye njano. Mama ameacha kuniuliza kama jua limeingia. Sasa anapiga kunipa taarifa: "Leo saa sita tumefika saba." Na jirani anayeuza samaki wa barafu ameomba ya kwake, ya ampia 30. Hapo vipande kumi vya geji 24 havitatosha. Nitahitaji konstantani nene au bamba la manganini, na bado sijalipata.